Herufi Chini ya Rangi

Sehemu ya Tisa

Ndoo ilikuwa bado inabingirika pale tulipowaacha wiki iliyopita. Ilishuka vidato vitatu vya kibaraza, ikagonga lango, ikamwaga rangi yote nyeupe juu ya vumbi jekundu la mtaa wa Tafo.

Mzee Tawia, fundi rangi aliyewahi kusifiwa Kumasi nzima, hakuitazama. Alikuwa amekodoa macho kwenye bango la msiba lililobandikwa langoni, penye picha ya mwanamke aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Huyu ndiye aliyekufa?"

"Ndiye. Mama yangu, Yaa Pinaman," Frema alijibu. "Kwani ulimfahamu?"

"Basi nyumba hii siipaki."

Akaokota brashi zake, akazitia kwenye mfuko, akatoka.

 Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Kesho yake saa sita mchana Mzee Sarpong, mkuu wa ukoo, angekuja kukagua, naye alishasema la kusema: mwili wa Pinaman hauwezi kuingizwa kwenye nyumba iliyobambuka na kuota kuvu, waombolezaji mia tano wakitazama. Nyumba isipokuwa tayari, mwili utalazwa kwa kaka yake, Mjomba Antwi.

Na maana yake kila mtu aliijua. Mtu huagwa kwake. Pinaman akiagwa kwa Antwi, ukoo mzima utakuwa umekiri kwamba nyumba ya Tafo haikuwa yake, kwamba miaka yote hiyo alikuwa amehifadhiwa tu na kaka mwenye huruma. Antwi alikuwa ameshapata mnunuzi.

Mafundi wawili walishakuja na kutoroka. Wa kwanza alizima simu. Wa pili alipigiwa na Antwi akiwa juu ya ngazi, akashuka mbio, akasema mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Hakuwa na mke.

Tawia alikuwa wa tatu. Wa nne hakuwepo.

Frema akatoka mbio, peku, akamkuta fundi karibu na kibanda cha ugali wa fufu, akamzibia njia.

"Baba, nakuomba. Kama malipo hayatoshi, sema."

"Si malipo."

"Basi ni Mjomba Antwi! Na wewe amekununua, siyo? Amekupa nini?"

Tawia aliinua uso. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Alinilipa, mwanangu. Lakini si leo. Alinilipa miaka thelathini na moja iliyopita."

*

Wakakaa kwenye benchi la kibanda. Mzee hakugusa maji aliyoletewa.

"Mtaa umebadilika, leo nyumba niliitambua kwa ile picha tu. Nilikuwa kijana, nimeoa juzi tu," alianza. "Antwi akaniita. Nyumba ile ilikuwa mpya, hata harufu ya saruji haijaisha. Juu kabisa mbele, chini ya paa, palikuwa na maandishi yaliyochongwa saruji ikiwa mbichi. Mistari miwili. Akaniambia, ziba mashimo yote ya herufi, halafu piga rangi mpaka mtu asijue paliwahi kuandikwa kitu."

"Yalisema nini?"

"Siku hizo sikujua kusoma hata jina langu. Kwangu yalikuwa mashimo tu. Nikayaziba, nikapiga msasa, nikapaka mara tatu. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya."

Akasogeza mfuko wa brashi miguuni.

"Baada ya wiki mbili akaja mwanamke kutoka Abidjan, ana mizigo kichwani. Akasimama pale barabarani, akatazama juu. Alitazama muda mrefu sana. Mimi nilikuwa namalizia lango. Akanigeukia, akaniambia, 'Fundi, umefanya kazi safi.'  Akachukua mizigo yake akaingia ndani, chumba cha nyuma, kama mgeni."

Frema alikijua chumba hicho. Alizaliwa humo.

"Nilipojifunza kusoma kanisani, nikiwa na watoto watatu, ndipo mkono wangu ukaanza kukumbuka mashimo yale. Y. Halafu A. Halafu A nyingine. Ule mstari wa juu wote ukanirudia. Imejengwa na Yaa Pinaman. Jengo ni la mama yako. Mimi ndiye niliyemfuta."

Kofi lilitua kabla Frema hajajua ameinua mkono. Mwenye kibanda akaacha kutwanga.

"Thelathini na moja!" Frema alipiga kelele. "Mama yangu alikuwa akiomba ruhusa kwa kaka yake kupika kwenye jiko lake mwenyewe! Aliomba ruhusa hata ya kumweka baba yangu alipougua! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Obuasi, mji wa migodi. Nilijificha huko miaka mingi kabla ya kurudi Kumasi. Nilingoja anishitaki kwa ukoo nije niseme kweli. Hakunishitaki. Mpaka leo sijui kwa nini."

Hata Frema hakujua. Mama yake hakuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza polisi sokoni kwa mwiko.

Ghafla akaacha kulia.

"Baba. Yale maandishi bado yapo?"

"Yapo. Niliyaziba kwa chokaa tupu, sikuchanganya saruji. Tindo likigusa, inamwagika."

"Basi nakukodi upya. Kubandua."

Tawia alitikisa kichwa. "Na kupaka je? Nikiubomoa uso wa nyumba, kesho Sarpong atakuta vidonda vitupu. Mwili hautaingia."

"Bandua leo, paka kesho."

"Akikuta herufi zimeshatoka, Antwi atasema tumezichonga usiku. Mkuu wa ukoo lazima azione zikitoka kwa macho yake. Naye yuko Mampong kwenye msiba mwingine mpaka kesho. Nafasi ni moja tu. Ama nikupakie nyumba imeremete, mama yako aingie, halafu muifukuzie mahakamani mpaka mzeeke. Ama tuache uso wa nyumba mchafu, tuombe Mungu Sarpong awe na subira ya kusimama dakika kumi. Asipokuwa nayo, umekosa vyote."

Frema alitazama miguu yake yenye vumbi. Wiki tatu mama yake yuko kwenye jokofu la chumba cha maiti, na sasa ndiye wa kuamua.

"Tupake kuta tatu," alisema. "Uso tuuache."

"Nina sharti."

"Lipi?"

"Nikishapanda, mtu asinishushe mpaka nimalize. Hata wewe."

*

Siku hiyo ya Alhamisi walifanya kazi kama wanaozima moto. Tawia alikwangua kuvu, akaziba nyufa, akapiga rangi ya kwanza. Frema alishika rola, hajawahi kuishika maishani. Saa tano akatokea Dufie, mpangaji wa chumba cha barabarani, muuza kenkey za unga wa mahindi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Dada Frema, unapaka ukuta au unaupapasa? Lete hapa!" Akanyakua rola. "Pinaman alinipa chumba nikiwa na mimba na sina pa kwenda. We mzee, niambie tu, wapi?"

"Kuanzia chini. Rangi ya udongo, mpaka kiunoni, vumbi lisije likaonekana."

"Kiuno cha nani? Changu au chako?"

Hata Tawia alicheka. Mara moja tu, kisha akarudi kwenye brashi.

Jua lilipozama, kuta tatu zilikuwa zinang'aa rangi ya maziwa. Uso wa nyumba, ule unaotazama barabara, ulikuwa vilevile: umeoza, una madoa, unatia aibu.

Ijumaa asubuhi fundi akaegesha jukwaa la mianzi, akapanda kwa ngazi mpaka chini ya paa. Akaketi huko na tindo lake na nyundo, akingoja saa sita.

Saa nne unusu, gari jeusi lenye vioo vya giza likasimama.

Mjomba Antwi alishuka polepole, amejifunga mgolole mweusi, viatu vinameta. Akatazama ukuta mchafu, akatabasamu.

"Frema, mpwa wangu. Ndiyo nyumba ya kumpokelea mama yako hii? Hata mbuzi angekataa kuzaliwa humo."

"Saa sita haijafika, Mjomba."

"Na yule kunguru huko juu ni nani?"

Tawia akachungulia. Tabasamu la Antwi likakatika kama uzi.

"Tawia? Nilidhani ulishakufa!"

"Bado, bwana mkubwa. Nilichelewa kidogo."

"Shuka."

"Sishuki."

"Ukilifungua domo lako utajitaja mwenyewe! Ni mkono wako ulioziba, si wangu. Kila nyumba uliyopaka mjini hapa watu watajiuliza ulificha nini. Nani atakukodi tena?"

"Hakuna," alisema Tawia. "Najua."

Antwi hakubishana zaidi. Akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaivuta. Ikaanguka barabarani kwa kishindo na kuvunjika vidato. Mzee wa miaka sitini na mitano akabaki juu ya jukwaa lisilo na pa kushukia.

"Kaa huko huko, basi," Antwi akasema. Akatoa simu. "Mzee Sarpong? Nyumba haijapakwa, nimeiona kwa macho yangu. Waambie wasingoje saa sita. Waje sasa."

Frema akatoka langoni, akatazama barabara.

*

Dakika ishirini hazikuisha. King'ora kilisikika kutoka njia panda, na gari la maiti likakata kona, taa zinawaka mchana kweupe. Nyuma yake pikapu ya Mzee Sarpong, na nyuma ya pikapu watu waliovaa nyeusi na nyekundu, wengine wameshaanza kulia.

Sarpong alishusha kioo. Hakushuka. Alikuwa amelala masaa mawili, amezika mtu jana, na leo anazika mwingine.

"Frema, nilikwambia."

"Mzee, nakuomba dakika kumi! Shuka utazame..."

"Natazama. Naona uchafu. Nilikwambia nyumba iwe safi. Dereva, twende kwa Antwi."

Gari la maiti likaunguruma. Likaanza kusogea.

Frema hakufikiri. Alikimbia mbele ya gari, akajitupa chini, akalala chali katikati ya barabara, mikono ameitanua. Gurudumu lilisimama hatua moja kutoka kwenye ubavu wake. Wanawake wakapiga mayowe.

"Mwondoeni huyo!" Antwi akafoka. "Amerukwa na akili!"

Vijana wawili wakamshika miguu. Dufie akawajia na rola iliyolowa rangi, akampiga mmoja usoni. "Mguse tena! Mguse nikupake mpaka mama yako asikujue!"

"Mzee Sarpong!" Frema alilia kutoka mavumbini. "Siombi uniamini mimi! Tazama juu tu! Fundi, piga!"

Nyundo ikagonga tindo.

Kipande cha chokaa kikadondoka, kikapasuka chini kama yai. Sarpong akafungua mlango wa pikapu ili amfokee mtu, hakujua nani. Kipande cha pili kikaanguka. Cha tatu.

Pale juu, kwenye ule ukuta mchafu, ikaonekana Y.

Kelele zikapungua. Tawia alikuwa akipiga bila kupumzika, vumbi jeupe limemfunika nywele na kope. A. A nyingine. Nafasi. P. I. N. Watu wakaanza kusoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama darasa la watoto. Kisha akarudi nyuma kushoto, akapiga kwa nguvu, na bamba zima la plasta likaachia kwa mkupuo mmoja.

IMEJENGWA NA YAA PINAMAN.

Kuna mwanamke mmoja alianza kuimba. Wengine wakamfuata. Sarpong alivua kofia. Alikwenda chini ya jukwaa, akaokota kipande cha chokaa, akakisaga kwa vidole.

"Hii ni ya zamani," alisema taratibu. "Na herufi zimechongwa saruji ikiwa mbichi. Hakuna awezaye kuzighushi leo. Antwi, miaka yote hii umekuwa ukituambia nini?"

Frema aliinuka. Alikuwa na vumbi mdomoni na machozi mpaka shingoni, na hakuona kitu ila lile jina la mama yake juani. Nyumba imerudi kuwa yake. Ataingia kwake kwa mlango wa mbele.

Ndipo akasikia kicheko.

Antwi alikuwa anacheka. Si cheko la mtu aliyeshindwa.

"Mbona mnaimba mapema? Fundi, aliyekufundisha kusoma hakukwambia umalize ukurasa? Palikuwa na mistari miwili. Bandua na wa chini."

Tawia akageuka kumtazama Frema. "Huo sikumbuki ulisema nini, mwanangu. Niliuziba giza likiingia. Niache?"

Watu mia walikuwa wakimtazama. Kitu fulani moyoni kilimwambia aseme niache. Lakini akisema hivyo, Antwi atakuwa na neno la kusema maisha yake yote.

"Bandua," alisema.

Mstari wa chini ulikuwa mfupi. Haukuchukua hata dakika tano. Safari hii hakuna aliyesoma kwa sauti.

KWA MWANANGU ADOMAKO.

"Adomako ni nani?" Dufie aliuliza. "Dada Frema, si wewe ni mtoto wa pekee?"

Frema alikuwa bado akiutazama mstari. Alikuwa anamwona baba yake, mzee wa kanisa, mtu aliyekuwa akijisifu mbele ya wachungaji kwamba alioa msichana asiyejua mwanamume. Alikuwa anamwona mama yake na mizigo kichwani, anatazama ukuta mtupu, anaamua kunyamaza. Alinyang'anywa nyumba, na walionyang'anya walimfichia siri yake. Angemshitaki fundi, mstari huo ungesomwa; akaikubali biashara hiyo.

Antwi alikwenda kwenye gari lake jeusi, akafungua mlango wa nyuma.

Alishuka mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, amevaa suti nyeusi isiyo ya Kumasi. Alikuwa na mwanya wa Pinaman. Alikuwa na paji la Pinaman. Bikizee mmoja aliyekuwa karibu akajifunika uso kwa kanga.

"Nilimleta aje kulia tu," alisema Antwi. "Angelia, angekula, angerudi zake Abidjan bila kujua lolote. Wewe, mpwa wangu, ndiye uliyekodi fundi wa kumpa nyumba. Msalimie kaka yako."

Adomako alikuwa akisoma ukuta. Midomo yake ilitembea polepole juu ya kila herufi ya jina lake.

Mzee Sarpong alikohoa. Alikuwa mtu wa haki, hata pale haki ilipomwumiza. "Kijana, nyumba imejitaja mwenyewe. Mama yako yumo ndani ya gari hili. Watu wamesimama juani. Tumwingize?"

"Nilikuwa na miaka miwili," Adomako alisema. Kitwi chake, lugha ya Kumasi, kilikuwa na lafudhi ya Abidjan, kila neno alilikanyaga kwa uangalifu. "Aliniacha kwa bibi mzaa baba. Akasema anakwenda kumalizia nyumba aliyokuwa akiitumia pesa, kisha atakuja kunichukua. Bibi alikuwa akinivalisha shati safi kila Jumamosi, maana basi la Kumasi lilifika Jumamosi. Alinivalisha mpaka nikafika miaka tisa."

 Juu ya jukwaa Tawia alikuwa ameshusha nyundo.

"Kumbe alimaliza," Adomako alisema. "Kumbe alimaliza, akaniandika, akapita chini yangu kila siku akienda sokoni."

"Mwanangu..." Sarpong alianza.

"Umeniuliza mimi. Mwenye nyumba ni mimi, siyo? Basi haingii."

Ukapita mguno kwa watu wote, kama upepo kwenye mabati. Antwi alishapiga makofi mawili kumwita dereva. "Mmesikia kwa mwenyewe. Geuza gari. Kwangu kuna nafasi."

Injini ikaunguruma tena. Dufie alianza kulia kwa sauti. Sarpong alivaa kofia yake, kwa sababu hapakuwa na sheria ya ukoo aliyoijua ya kumzuia.

Frema alitembea. Hakwenda mbele ya gari safari hii. Alikwenda nyuma, akasimama kati ya milango miwili na yule mtu mwenye mwanya wa mama yake. Walikuwa karibu kiasi cha kugusana.

"Kaka," alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa mtu yeyote maishani mwake.

"Usiniite hivyo."

"Sitakuomba. Nimeomba wiki tatu nzima, nimechoka. Unayemfungia mlango yumo humu. Mwambie mwenyewe."

Akashika komeo kwa mkono uliojaa rangi, akalivuta, na milango ya gari ikafunguka wazi.